Kiti Kilikuwa Kimoja

Sufi ilikuwa imemjaa puani, na nusu yake ilikuwa haijapigwa bado. Alikuwa amelifumua godoro la marehemu mama yake mshono kwa mshono, akalitoa matumbo yote juu ya turubai uani, na sasa aliyapiga kwa fimbo, pa, pa, pa, mpaka vibonge vilivyoshikana miaka nenda miaka rudi vikaanza kuachana. Kazi yake hiyo. Mtaa huu, wakati bado una watu wa kulala, ulilala juu ya magodoro yaliyopita mikononi mwake. Ndiyo maana wakamwita Fundi, na jina la kuzaliwa likamwacha polepole.

"Dada, lijaze vizuri," kaka yake mkubwa alisema kutoka mlangoni. "Watu wakifika walikute kama enzi za mama. Kila kitu kama enzi za mama."

"Na mimi?"

"Wewe zaidi," kaka akacheka, akarudi ndani. Hakujua kama ameulizwa swali.

Siku hiyo waliohama mtaa walikuwa wanarudi kukumbushana. Lilikuwa wazo la binti wa kaka: wazee wakutane, kila mmoja aseme nyumba yao ilikuwa wapi, nani kazaliwa chumba gani, nani alikimbia na binti wa nani, naye arekodi kwa simu kabla hawajasahau. Mahali pa kukutania palikuwa hapa tu. Nyumba nyingine zote zimegeuzwa maghala, upande huu mabati, upande ule matairi. Yenye pazia dirishani ni hii moja, na imebaki hivyo kwa sababu kuna mtu ndani yake.

Mtu huyo alikuwa na mkoba nyuma ya mlango wa jikoni. Shoga yake wa ujanani amefungua karakana ya magodoro mji mwingine, mbali, na ameshamwita hadi sauti imemkauka. Safari hii alimwambia, "Njoo na lori linaloniletea sufi, au nimchukue mwingine. Nimechoka kukubembeleza kama mchumba." Lori lingepita alasiri hii hii, lipige honi pale kona. Fundi alikuwa amepiga moyo konde: atasema mbele ya watu wote, kisha atoke kwa mlango wa mbele.

Tatizo lilikuwa neno moja.

Mama yao, dakika zake za mwisho, alimtazama binti yake akamwambia, "Kaa." Basi, hakusema jingine. Kaka alisikia, na msibani akatangaza kwamba mama ameacha usia: huyu akae, nyumba isifungwe. Tangu hapo kila posa, kila kazi, kila safari iligonga hapo hapo. Mama alisema ukae. Sasa utabishana na marehemu? Watoto wa kaka wakamtania Shangazi Kaa, kama yule wa baharini na shimo lake, naye akacheka pamoja nao, afanyeje. Lakini ziko asubuhi alizoamka pumzi zimembana, akakimbilia kufungua dirisha, akatazamana na ukuta wa ghala.

Mchana watu wakafika. Kitanda cha mama kilikuwa kimesogezwa sebuleni, kama kilivyokuwa alipougua, na godoro juu yake limevimba kwa sufi iliyopigwa. Wakapiga soga. Kinyozi mstaafu alisimulia bomba kuu lilivyopasuka, mtaa mzima ukatoka na sabuni kuoga barabarani, baba yake mzazi akiwa wa kwanza. Kila aliyesimulia alitia chumvi kidogo, na aliyefuata akaongeza ya kwake. Watu walivunjika mbavu. Fundi alisimama karibu na mlango, anapokea gilasi, anarudisha gilasi. Katika hadithi zote hizo alitajwa mara moja, kwamba naye alikuwepo.

Kisha kaka akasimama mbele ya simu, akakohoa, akaanza ile ya mama. Anaijua kwa moyo. Alipofika kwenye "Kaa," alishusha sauti, kama ada yake, na watu wakainamisha vichwa.

"Hapo hapana," sauti ikasema.

Alikuwa Mama Dirisha, jirani wa zamani wa ng'ambo ya barabara, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna lililopita mtaani asilione. Siku ile ya mwisho ya mama alikuwa humu humu sebuleni.

"Hapana nini, mama?" kaka akauliza.

"Alisema kaa, ni kweli. Lakini mwanangu, huyu binti alikuwa wima tangu alfajiri anampepea mama yake. Miguu imevimba hivi. Viti vilitolewa nje kwa ajili ya wageni, ndani kikabaki kimoja, na hicho ulikikalia wewe. Mama yenu akamwonea huruma. Akapigapiga godoro, hapa ukingoni, akamwambia, 'Kaa.' Apumzishe miguu. Usia uko wapi hapo?"

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha. Simu mkononi mwa binti wa kaka iliendelea kurekodi.

Fundi alikuwa ameishika trei, akaiweka chini. Mkono. Alikuwa ameusahau ule mkono. Hadithi ilisimuliwa mara nyingi mno bila mkono, hata kwake ukafutika, na sasa aliuona wazi, mwembamba, ukigonga godoro taratibu kama unavyomwita mtoto aje ubavuni. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka.

"Umri umekwenda, mama, umechanganya," kaka alisema. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka. Akageuka huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo dada yake hakuwa ameisikia tangu utotoni, "Sasa kama ni hivyo, miaka yote hii alikuwa anakaa kwa ajili ya nini?"

Simu ikageuzwa kwa Fundi.

"Shangazi," binti wa kaka alisema, "wewe unakumbukaje?"

"Nilikuwa nimechoka," Fundi alisema. "Hilo nalikumbuka. Na sikukaa. Baba yako alianza kulia, nikaenda kumshika."

Akaingia jikoni, akatoka na mkoba. Kule kona honi ikalia.

"Lori hilo limenifuata mimi," alisema. "Nimepata kazi. Nilitaka kuwaaga vizuri."

Kaka aliutazama mkoba, akamtazama yeye. "Dada, usiniache na nyumba tupu. Nikija hapa nitamkuta nani?" Akaja akamshika kiwiko. Hakumkaba, alimshika tu kama mtu anayeogopa kuanguka. "Kaa kwanza. Kaa, tuongee."

Miguu ilikuwa inamwaka. Tangu asubuhi alikuwa wima. Akasogea kitandani, akakaa ukingoni, pale pale, mkoba magotini na viatu miguuni.

Kaka alishusha pumzi ndefu. "Mnaona?" aliwaambia watu, machozi yakimlengalenga. "Si amekaa?" Gilasi zikaanza tena kugongana, mtu akauliza lile bomba lilipasuka mwaka gani.

Godoro halikubonyea. Sufi iliyopigwa vizuri haimmezi mtu, humsukuma juu kidogo, na hii alikuwa ameipiga mwenyewe. Alinyoosha mguu mmoja, akaukunja, akanyoosha wa pili. Mama Dirisha peke yake ndiye aliyekuwa anamtazama.

Honi ikalia mara ya pili. Fundi akaweka kiganja ukingoni mwa godoro, mahali ulipogonga ule mkono, akakihamishia uzito wake, ainuke.