Vijicho vya Mlango wa Gereji

Ardis aliporudi kutoka hospitali na nyonga mpya, swali lake la kwanza halikuwa la dawa wala la mazoezi. Aliuliza, "Sasa ule mlango wa gereji nitauinuaje?"

Delmar, mumewe, akacheka, lakini swali lilikuwa zito. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao, na daktari alikuwa amemkataza Ardis kuinua hata ndoo. Na Ardis bila gari si Ardis. Jumatano ilikuwa siku ya kwaya, Ijumaa ya kuwatembelea wagonjwa. Majira ya baridi ya Duluth, kaskazini mwa Marekani, nayo ni yale yale: gari likilala nje, asubuhi unalifukua kwenye theluji kama kiazi.

Wakaenda dukani kununua mashine ya kufungulia mlango. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, akawaeleza bila haraka. Ya mnyororo ina kelele, ya mkanda imetulia. "Kama chumba cha kulala kiko juu ya gereji, chukueni ya mkanda. Na hii ndogo inawatosha kabisa."

"Ndogo?" akasema Delmar. "Mama, mimi nimepakia mawe ya chuma melini maisha yangu yote. Nipe yenye nguvu kuliko zote."

"Haya, simba wangu," akasema Ardis, na muuzaji akaficha kicheko kwenye mkono wa sweta.

Walipokuwa wakishusha boksi, jirani yao Gordon Pelkonen akavuka barabara na koleo lake la theluji. "Nikusaidie? Nilimfungia dada yangu kama hiyo."

"Hapana, usijisumbue."

"Ngazi inataka mtu wa kuishika."

"Nitaweza tu."

Huko kwao ndivyo watu wanavyozungumza. Msaada unaukataa kwanza, unaukataa tena kwa sauti ya chini, na ukitajwa mara ya tatu unakubali, kisha mnakunywa kahawa. Kila mtu anajua hivyo. Gordon akavua glovu. "Kweli kabisa, Delmar, leo sina kazi."

"Nimekwambia naweza. Aliyepasuliwa ni mke wangu, si mimi."

Gordon akazivaa glovu zake taratibu. "Haya, jirani. Ukichoka, kahawa ipo kwangu."

Delmar alifanya kazi nzuri, hilo lazima lisemwe. Reli ilinyooka, mashine ikakaa imara darini. Mwisho akafunga vijicho viwili vya usalama vilivyokuja na mashine, kimoja huku cha kurusha mwanga na kimoja kule cha kuupokea, karibu na sakafu, vikitazamana. Mtu au kitu kikipita katikati yake wakati mlango unashuka, mlango unarudi juu. Akamwonyesha Ardis kwa kupitisha ufagio. "Umeona? Hauwezi kukugusa."

Shida ilikuja alasiri. Jua la baridi lilikaa chini, likapiga kwenye theluji, likaingia moja kwa moja kwenye kijicho cha kupokea, kikapofuka kana kwamba kuna kitu katikati. Mlango ukashuka nusu, ukarudi. Ukashuka tena, ukarudi. Ardis alikuwa ndani ya gari akibonyeza rimoti, na Gordon yuko ng'ambo akisukuma theluji.

"Jirani!" akaita Gordon. "Mlango wako una adabu sana, unatuinamia sote!"

Delmar akacheka pamoja naye, lakini neno lile likamkaa kifuani. Kesho yake, Ardis akiwa amelala, alipanda ngazi. Akavifungua vijicho, akavihamishia darini kando ya mashine, akavifunga kwa waya vikitazamana, karibu karibu, mahali ambapo hakuna kitakachopita katikati yake milele. Kisha akazungusha kitufe cha nguvu mpaka mwisho, mlango usije ukasitasita. Alasiri ile ukashuka kwa utiifu.

"Umeuponya!" akasema Ardis, akambusu kwenye upara. Delmar akalipokea lile busu.

Jumatano Ardis alitoa gari, akabonyeza rimoti, kisha akakumbuka keki ya kwaya aliyoiacha juu ya friji. Mlango ulikuwa unashuka. Hakuwa na wasiwasi, alikuwa ameuona ule ufagio. Akaingia na fimbo yake. Mlango ukampiga begani, ukamlaza kwenye saruji, ukaendelea kukandamiza.

Delmar aliisikia sauti yake akiwa jikoni. Alikimbia, akavuta kamba nyekundu ya dharura, akauinua mlango kwa mikono. Gordon alikuwa ameshafika, bila koti, na ndara miguuni.

"Nimeteleza," akasema Ardis kutoka sakafuni. "Barafu tu."

Gordon aliinua macho darini. Aliviona vile vijicho, akavitazama kitambo. Kisha akavua sweta lake, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha Ardis.

Hakuvunjika mfupa, bega lilivilia damu tu. Hospitali nako Ardis alisema ameteleza, na Delmar akakaa pembeni na kofia yake magotini.

Jumamosi akaja binti yao Renae kutoka Minneapolis, na supu ya kuku kwenye themosi. Alimmiminia mama yake kwanza, kisha akasema kwa upole uliouma kuliko ukali. "Mama, nyonga mpya, na tayari umeanguka. Nipe ufunguo wa gari. Kuna nyumba ya wazee karibu na kwangu, safi, wauguzi wapo usiku na mchana."

Ardis akazungusha kijiko. Alikuwa mtu wa majibu, lakini jibu la swali hili lilikuwa la mumewe, naye hakutaka kumnyang'anya. "Labda ni kweli usemavyo, mwanangu," akasema, akasukuma ufunguo mezani.

Delmar akauona ule ufunguo ukisogea. Uso ulimwaka moto hadi masikioni.

"Uache hapo," akasema. "Renae, njoo nikuonyeshe kitu."

Gerejini akanyoosha kidole darini. "Mama yako hakuteleza. Vile vinatakiwa kukaa chini. Nilivipandisha mimi."

Renae alichelewa kuelewa. Alipoelewa, akaweka mkono mdomoni. "Baba! Ungemuua! Kwa nini?"

"Gordon alinicheka."

Alijisikia akilisema neno hilo, mzee mzima, jinsi lilivyokuwa dogo.

"Na wewe mama, ulijua?"

Ardis alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Nililala chali, mwanangu. Niliviona. Lakini baba yako alikwisha kujiona mjinga, hakuhitaji nimsaidie."

Renae akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa blauzi. Aliporudi ndani aliuchukua ufunguo, akautia mfukoni mwa koti la mama yake.

Delmar akavuka barabara kichwa wazi. Hakuna aliyejitolea safari hii, ilibidi aombe. "Gordon, nisaidie. Na nisamehe."

"Ngoja nivae buti," akasema Gordon.

Walivishusha vijicho, wakavibadilisha pande ili kile kinachopokea mwanga kisielekee jua, wakapunguza nguvu. Haikuchukua muda.

"Ni hivyo tu?" akauliza Delmar.

"Ni hivyo tu."

Wakajaribu kwa ufagio, wakajaribu kwa ubao. Ardis, rimoti mkononi, akatikisa kichwa. "Nimeshaonyeshwa ufagio. Simama wewe hapo."

Delmar akasimama chini ya mlango. Ardis akabonyeza. Mlango ukaanza kushuka juu ya kichwa chake, ukasita, ukarudi.

"Tena," akasema Ardis.

Akasimama tena, na tena, mikono ikiwa imelegea, macho chini. Hakuuliza hadi lini. Gordon akageuka akakusanya vyombo vyake, akichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili asiutazame uso wa jirani yake.

Hatimaye Ardis akaitia rimoti mfukoni.

"Jumatano nitatoka mwenyewe," akasema. "Wewe utakaa ndani, na mlango huu hutaugusa tena."

"Nitakaa ndani," akasema Delmar.