Mpunga Barazani

Dativa hakuwa mtu wa kumbembeleza mtu mzima. Baba yake alipotangaza, katikati ya ugali na perege, kwamba Jumapili ya mwisho ya Julai atarudi Michenga kuishi shambani, yeye alimaliza kumeza kwanza.

"Utaishi na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Baba, mguu wako wa kushoto hauwezi hata ngazi mbili za kanisani. Maji atakuchotea nani?"

"Nimechota maji kabla hujazaliwa," alisema Mzee Wendelin, akaendelea kuchambua samaki wake.

Alikuwa na miaka sabini na nane. Mkewe, Yosefina, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wakati wa mavuno, na tangu hapo mzee aliishi ndani ya nyumba yake mwenyewe pale Ifakara kama abiria anayesubiri gari. Aliamka, akavaa, akanyoa ndevu, kisha akakaa kwenye kochi la sebuleni mbele ya televisheni iliyozimwa. Dativa, binti yake wa pekee aliyebaki karibu, alikuwa amehamia humo na mwanawe Careen ili kumuuguza mama. Mama akaenda, wao wakabaki.

"Kwani hapa unakosa nini?" aliuliza Dativa.

Mzee alitoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni mwa sahani. "Pa kukaa."

Careen, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha sita na alikuwa nyumbani akisubiri chuo, aliyatazama makochi manne ya sebuleni, akamtazama mama yake, akataka kucheka. Dativa alimkata jicho. Yeye alikuwa ameelewa. Alinyanyuka, akafungua mlango wa nyuma ambao haukuwa ukifunguliwa sana siku hizo, akasimama kwenye kizingiti kutazama kilichobaki cha baraza la mama yake.

Hakikuwa kingi. Bati lilikuwa bado zima juu ya nguzo zake sita. Chini yake sakafu ya udongo ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi, na kuku walikuwa wamechimba mashimo ya kuogea vumbi. Benchi la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa mpaka likakaa chini lenyewe. Ukutani chokaa ilikuwa ikibanduka vipande vipande. Na kila kitu ambacho hakikuwa na mahali pake ndani ya nyumba kilikuwa kimetupwa hapo: baiskeli isiyo na magurudumu, jokofu bovu, magunia, kitanda cha mgonjwa.

Kitanda ndicho kilichomchoma. Yeye mwenyewe ndiye aliyekitoa nje, siku ya pili baada ya mazishi, kwa haraka zake. Hakufikiria kwamba kila atakayefungua mlango wa nyuma atakutana nacho kwanza.

Zamani mlango ule haukufungwa. Mbele ya nyumba walipokelewa wageni wa suti, akina katekista na watu wa ofisi. Wengine wote walizunguka nyuma. Hapo ndipo mahindi yalipopukuchuliwa, nywele zikasukwa, ugomvi wa watoto saba ukaamuliwa kwa mwiko. Enzi za kivuko cha mtoni, kabla ya daraja, ndugu wa upande wa Mahenge waliokuta kivuko kimeshafungwa walijua pa kwenda. Asubuhi Dativa aliamka akakuta watu kumi na wawili wamelala kwenye mikeka ya milala, na mama anagawa uji kama vile alikuwa amewaalika. Siku hizi mtu anapita darajani moja kwa moja mpaka kwake. Hana sababu ya kulala kwa mtu.

Na sakafu! Mama aliisiliba mara mbili kwa mwaka, kabla ya Pasaka na kabla ya Noeli, kwa udongo wa kichuguu, mchanga, pumba za mpunga na samadi mbichi. Mwisho alipitisha kiganja kwa nusu duara, nusu duara juu ya nusu duara, mpaka sakafu yote ikawa na magamba kama ya samaki. Dativa aliichukia kazi ile. Ilimwachia kucha zenye udongo, na shuleni wenzake wakamwita mfinyanzi. Alipopata nafasi ya chuo cha kilimo alijiambia hatashika tope tena, kisha akapata kazi ya ugani na kushinda kwenye majaruba ya mpunga miaka ishirini na mbili.

Alihesabu siku. Zilikuwa kumi na tano. Saruji asingeweza, ada ya chuo ya Careen ilikuwa mlangoni. Lakini vitu vingine vyote vilikuwa vimelala tu mjini vikisubiri mtu mwenye akili na toroli.

"Careen! Vaa nguo za kazi."

Jumamosi hiyo hiyo waliondoa takataka. Kitanda kilienda kwa mgonjwa mwingine, jirani wa jumuiya. Jokofu lilienda kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Kwenye kiwanda kidogo cha mbao walipewa mabanzi ya mtiki, yale maganda yenye gome ambayo fundi huyaona takataka, na Dativa akayapiga misumari mwenyewe mpaka yakawa mabenchi mawili mapana. Miguu ya mabenchi na ya nguzo aliipaka oili chafu ya gereji ili mchwa wakatafute pengine. Ukuta aliukwangua, akaupiga chokaa iliyotiwa chumvi ili isishike nguo za watu. Ndoo za rangi zilizopasuka alizijaza udongo na kupanda mchaichai, kwa sababu mama hakuwahi kunywa chai bila mchaichai.

Jirani yao Serafina, mama mnene mwenye maneno, alichungulia juu ya uzio wa matete.

"Mama Careen, unajenga hoteli?"

"Najenga pa kukalia baba."

"Si nasikia anahama?"

"Umesikia nusu. Ingia ushike koleo au uniache nifanye kazi."

Serafina aliingia, akashika koleo kidogo, akazungumza sana. Alipoona udongo wa kichuguu umemwagwa na gunia la pumba limefunguliwa pembeni, alikunja uso. "Mama yako kazi hii ilimchukua wiki nzima."

"Mama hakuwa na ofisi ya kuingia Jumatatu."

Pumba zilikuwa zimezolewa nyuma ya mashine ya kukoboa, wakati huu wa mavuno ambapo zinarundikana kama vilima na kila mtu anajichotea. Dativa alizimwaga zote kwenye udongo, akakanyaga na Careen mpaka magotini, wakasiliba mpaka jua likazama. Kiganja chake kilikumbuka chenyewe. Nusu duara, nusu duara. Mara moja akajikuta anapumua kwa sauti kama mama yake alivyopumua akiwa ameinama, pumzi fupi yenye kamlio puani, akasita. Careen alimtazama.

"Nini, mama?"

"Hamna. Sogeza ndoo."

Sakafu ya udongo ikikauka haraka hupasuka, kwa hiyo aliifunika kwa magunia yaliyolowa, na kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni akirudi aliyanyunyizia maji. Wiki nzima, na zaidi. Aliridhika. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa kitaalamu.

Mzee Wendelin hakufungua mlango wa nyuma hata siku moja. Alisikia nyundo, alisikia maji, hakuuliza. Alikuwa na shughuli zake. Alhamisi alilipaka mafuta jembe. Ijumaa Careen alimfuata mama yake jikoni na kunong'ona, "Babu ameshafunga sanduku. Na ameongea na bodaboda, kesho kutwa baada ya misa ya kwanza."

"Ameuliza habari ya barazani?"

"Ameuliza kama tuna kamba."

Jumamosi, saa kumi alasiri, Dativa alichemsha chai ya mchaichai, akatandika mkeka mpya juu ya benchi, akaenda kusimama mbele ya kochi.

"Baba, njoo nje mara moja."

"Kuna nini?"

"Wewe njoo. Kesho utakwenda, leo nifuate."

Mzee alishika fimbo, akamfuata taratibu. Kwenye kizingiti alisimama. Aliuona ukuta mweupe. Aliyaona mabenchi, akapitisha kidole juu ya mtiki, akatikisa kichwa kidogo, kwa namna yake ya kukubali bila kusifu. Moyo wa Dativa ulipanda. Aliinama, akashika pembe mbili za magunia yaliyoshonwa pamoja, na kuyavuta yote kwa mara moja, kama mtu anayefunua meza ya harusi.

Chini yake kulikuwa na shamba.

Mpunga ulikuwa umeota sakafu nzima. Vijiti vyembamba, vya kijani kilichopauka kwa kukosa jua, virefu kama kidole, vimejipenyeza kwenye kila gamba la samaki alilolichora. Mahali pengine udongo ulikuwa umenyanyuliwa na mizizi ukaumuka kama mkate. Ilichukua muda Dativa kuelewa. Mashine ile ilikuwa imechoka, ilipitisha punje nzima pamoja na pumba. Naye alikuwa amezipa kila kitu punje inachotaka: udongo mzuri, samadi, joto, maji asubuhi na jioni.

"Mama," alisema Careen, mkono mdomoni, "umetengeneza kitalu."

Serafina, ambaye alikuwa uziani bila shaka tangu magunia yalipoanza kunyanyuka, alipasuka. "Jamani! Jamani njooni! Afisa kilimo kapanda barazani! Mama Careen, palizi ni lini, tuje?"

"Serafina, nenda kapike!"

"Napika, napika. Mchele nitaufuata huko!"

Dativa hakuwa mtu wa kulia. Alichukua jembe lililoegemea nguzo. Aliona mbele yake kazi ya wiki mbili, misumari yote na ndoo zote, na kesho asubuhi pikipiki iliyofungwa sanduku la bati. Angeikwangua yote sasa hivi, na baba aende zake, na mlango wa nyuma apige kufuli.

"Weka jembe chini," alisema mzee.

"Baba, niache niondoe huu upuuzi."

"Nimesema weka chini."

Alikuwa ameachia fimbo. Alijishika kwenye nguzo, akashuka goti moja, halafu la pili, polepole, mpaka akakaa kabisa chini kwenye tope. Aling'oa mche mmoja, akautikisa mizizi, akautazama dhidi ya mwanga. Mabega yake yalianza kutikisika. Dativa alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mama yako naye," alisema, akashindwa kuendelea. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akajiachia alama ya udongo shavuni. "Mama yako naye ilimtokea hivi hivi."

"Mama?"

"Mwaka tuliohamia hapa. Wewe hata hujafikiriwa. Alitoka kwao Mahenge, huko wana udongo wao. Huku nikamwambia, hapa watu wanatia pumba. Akatia. Hakuchekecha, hakuloweka. Baada ya wiki mpunga huo! Na mimi nikacheka." Alitikisa kichwa. "Kosa kubwa sana lile. Siku tatu hakusema na mimi. Ya nne akafunga mzigo, anarudi kwa mama yake."

Dativa alikaa kwenye ukingo wa benchi. Mama aliyemjua yeye alikuwa hakosei udongo, na pumba alizileta zikiwa tayari zimechekechwa. Alikuwa anaushika tu na kusema, bado kidogo, au, sasa.

"Ukamzuiaje?"

"Sikumzuia. Mama yako umzuie na nini?" Mzee aling'oa mche wa pili na wa tatu, akaulaza mmoja juu ya mwingine kama anayepanga miche ya kupandikiza. "Nilimwambia tu, ukiondoka na sakafu iko hivi, watu watasema ulishindwa. Akasema, haya, naimaliza, ndiyo niende."

"Ikamchukua muda gani?"

Mzee alifikiri, kama vile alikuwa anajumlisha kweli.

"Miaka hamsini na mbili."

Chai ilikuwa inapoa kwenye benchi. Careen alivua kandambili, akaingia kwenye tope na kuchuchumaa kando ya babu yake, akaanza kung'oa.

"Usivute hivyo, unakata mizizi," mzee alimwambia. "Shika chini. Hivyo. Ukiiacha mizizi ndani itaoza, sakafu itakuwa na matundu." Kisha, bila kugeuka, "Dativa, hizo pumba bado zipo?"

"Nusu gunia."

"Zichekeche. Halafu pipa la maji. Unazimwaga, unakoroga, punje nzima zinazama, pumba zinaelea, unaengua za juu peke yake. Chuoni hawakuwafundisha?"

"Walitufundisha kuchagua mbegu hivyo hivyo, baba. Ila zinazoelea ndizo tulizitupa."

"Basi mlifundishwa nusu."

Careen alinyanyua kichwa. "Babu, na bodaboda wa kesho?"

Mzee Wendelin alikuwa amebandua kipande cha udongo na kukisaga kati ya vidole viwili, akakinusa, akakitupa. "Mwambie udongo huu ni mbichi. Lazima ulale siku tatu ndiyo tuusilibe. Halafu unakauka siku nne. Halafu tunasiliba tena. Mara tatu." Alitazama sakafu yote, kutoka nguzo hadi nguzo. "Kwa ukubwa huu, mara nne."

Dativa alifungua mdomo. Mwaka juzi tu alikuwa amewafundisha akina mama wa kikundi kimoja cha kijiji cha Kisawasawa kusiliba sakafu ya ghala kwa udongo na samadi tu, na alijua kabisa kwamba mara mbili zinatosha.

"Mara nne," alisema, akaenda kutafuta pipa.