Taa ya Vifaranga

Maikrowevu ya Senge Muhonja ilikuwa imegeuzwa uso, ikitazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Waya wake ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa kitambaa. Nilipouliza ni nani aliyeifanya hivyo, Senge, yaani shangazi yangu, alijibu kwamba ni yeye mwenyewe, kwa kuwa chombo hicho hutoa mionzi, na mionzi ndiyo iliyomletea kansa ya titi. Aliupasha moto uji wangu kwenye gesi, akauweka mezani, kisha akajitanda leso na kusema kwamba anachelewa. Alikuwa anakwenda kwa Daktari Phares, nyuma ya soko la Jericho, kupigwa mionzi.

Nilidhani sikusikia vizuri. Alirudia maneno yale yale, pasipo kuona mgongano wowote ndani yake.

Senge alikuwa amefanyiwa upasuaji na kumaliza dawa za kansa zilizomnyonyoa nywele, na hospitali ilikuwa imempa Jumatatu iliyokuwa inakuja kama siku ya kuanza tiba ya mionzi. Nafasi hiyo aliisubiri tangu mvua za masika. Walikwisha kumchora kifuani alama za wino na kumwonya asizisugue anapooga. Sasa, siku chache kabla ya Jumatatu hiyo, alikuwa amepata mtu asiye na foleni. Niliacha uji wangu, nikaandamana naye.

Juu ya mlango wa Phares palikuwa na bango jekundu: MIONZI HAPA. KANSA, MAGOTI, PRESHA. Ndani, watu walikaa kwenye benchi wakiwa na taulo mabegani, kimya, wakivumiliana jinsi wagonjwa wanavyovumiliana. Phares alivaa koti jeupe. Aliponiona na mkoba wa chuo aliniamkia kwa uchangamfu, akanishika mkono, akaniita msomi. Kisha alivuta pazia, nami nikaiona mashine yake.

Ilikuwa balbu nyekundu ndani ya kofia ya bati, ikining'inia kwa mnyororo.

Niliifahamu. Kila asubuhi nikielekea steji ya basi hupita mlangoni kwa mzee Wandera, jirani yetu, ambaye amegeuza stoo yake kuwa nyumba ya vifaranga. Balbu kama hiyo, kofia kama hiyo, mnyororo kama huo. Huwapa vifaranga joto mpaka waote manyoya. Hapa, Phares aliishusha juu ya kifua cha shangazi yangu na kuilenga kwenye alama za wino.

"Hospitali imetuchorea," alisema, akicheka kidogo. "Sisi tunapiga tu."

Alama zile zilipimwa na wataalamu ili mionzi ifike mahali panapohitajika na isiguse moyo. Mtu huyu alikuwa anazitumia kama mchezaji anayelenga goli.

Tulipotoka nilimweleza Senge kila kitu, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa katika masomo yangu ya fizikia. Nilimwambia kwamba neno mionzi ni jina la ukoo mkubwa. Mawimbi ya maikrowevu hutikisa maji yaliyomo ndani ya chakula, chakula kikapata moto, basi. Ukizima chombo, hakuna kinachobaki kwenye uji. Mionzi ya infraredi, ambayo balbu ile huitoa, hupasha ngozi joto. Aina hiyo hiyo hutoka kwenye rimoti ya televisheni. Mionzi ya hospitali ni ndugu wa mbali mwenye nguvu kuliko hao wote, hupenya nyama na kuziharibu seli za kansa.

Senge alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima anayompa hata mhubiri anayemchosha.

"Kwa hiyo rimoti nayo inatoa infraredi?"

"Ndiyo, Senge."

"Basi nitajitibu nikitazama habari."

Alicheka, nami sikuweza. Kisha alinigeukia na kusema, kwa upole ulioniumiza zaidi, kwamba mimi nasoma mwanga lakini Phares anatibu watu, na joto lake analisikia mpaka kwenye mfupa. Jumatatu hatakwenda hospitali. Mwili mmoja hauwezi kuchomwa mara mbili.

Nilikasirishwa na Phares, ndiyo. Lakini nilipolifikiria jambo hilo, hasira yangu ilisafiri mbali zaidi ya soko la Jericho. Nilimwuliza Senge hospitali walimweleza nini hasa. Alisema karani aliyekuwa nyuma ya kioo alimwambia, "Mama, utapigwa mionzi. Mwingine." Ndivyo alivyoelezwa tiba ya kuokoa maisha yake: kwa neno lile lile ambalo redio humtishia nalo kuhusu maikrowevu, na kwa kitenzi tunachokitumia kwa fimbo. Phares hakuhitaji kubuni uongo wowote. Neno liliangushwa sakafuni, naye akainama akaliokota.

Jumapili, baada ya ibada, sikutaja fizikia. Nilimwambia tu twende tukawaone vifaranga wa mzee Wandera.

Mzee alifurahi kupata wageni. Alifungua mlango wa stoo, na mwanga mwekundu ukatuangukia miguuni. Vifaranga walikuwa wamejikusanya chini ya balbu, laini, wakilia kwa sauti nyembamba. Senge alisimama kizingitini kwa muda mrefu. Aliitazama kofia ya bati. Aliutazama mnyororo. Kisha aliinama, akaunyoosha mkono chini ya taa na kufumba macho, nami nikajua kwamba alikuwa analisikia joto analolijua.

"Wandera," aliuliza, macho yakiwa bado yamefumbwa, "hawa wanaugua nini?"

"Wanaugua baridi tu, mama," mzee alijibu. "Wana ugonjwa gani mwingine?"

Senge aliurudisha mkono wake ndani ya leso. Alianza kutembea kuelekea sokoni, na ilinibidi nikaze mwendo ili nimfikie.

Phares hufungua Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku ambayo watu wana nafasi. Benchi lilijaa. Senge hakuketi. Alilivuta pazia mwenyewe na kumkuta Phares ameishusha taa juu ya goti la mzee mmoja.

"Daktari," alisema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "mimi nina kansa, au nina baridi?"

Phares alitabasamu. Alisema mama atulie, zamu yake itafika.

"Nimekuuliza. Nimetoka kwa Wandera. Taa yako inalea vifaranga kule."

"Mama, mionzi ni mionzi," alisema Phares.

Mtu mmoja kwenye benchi aliguna. Mwanamke aliyevaa kilemba, aliyenyonyoka nywele kama Senge, alikusanya taulo lake na kuondoka bila kumuaga yeyote. Wengine walibaki. Yule mzee wa goti aliomba taa isiondolewe, kwa sababu inamtuliza. Joto hutuliza goti kweli. Kama bango lingesema hivyo tu, nisingekuwa na ugomvi na mtu. Nililitazama neno KANSA juu ya mlango na kutamani kulikwangua kwa kucha.

Jumatatu, hospitalini, Senge aliingia katika chumba chenye mlango mzito, nikabaki nje. Alitoka upesi kuliko nilivyotarajia, uso wake umejaa mashaka.

"Hakuna joto," alinong'ona. "Hakuna taa nyekundu. Nimelala tu kama mzigo uliosahaulika. Una hakika waliwasha?"

Nilimwomba fundi wa mashine, dada aliyeitwa Nthenya, amjibu yeye. Aliacha kazi yake, akamshika Senge mkono na kumwambia kwamba mionzi hii haisikiki wala haionekani, na kwamba kutosikia kitu ndiko kunakotarajiwa. Sentensi moja. Bado sijaelewa kwa nini haikuweza kusemwa siku ya kwanza, kwenye kioo cha karani.

Jioni, akiwa amechoka, Senge aliniagiza niigeuze maikrowevu na kumpashia uji moto. Yeye alikwenda kusimama nyuma ya mlango wa chumba cha kulala mpaka ilipolia. Kisha alikuja, akanywa uji wote, na kunikumbusha nimwamshe mapema: kesho anarudi hospitali.