Pishi ya Bi Mwatum

“Sasa mama yangu ndiye mtaalamu wa uchumi?” Silima alisema, akaisukuma mbele sahani ya wali.

“Mama yako hajataja uchumi,” nikamwambia. “Kakuuliza swali moja. Mjibu.”

“Nshamjibu.”

“Hukumjibu. Umepiga kelele.”

Mkwe wangu, Bi Mwatum, alikuwa amekaa juu ya jamvi karibu na mlango wa uani, miguu kainyoosha, ungo mapajani. Alifika asubuhi ya Ijumaa hiyo kutoka kijijini kwake Cheju na pakacha la mpunga mpya, kama afanyavyo kila mwaka baada ya mavuno. Hakumtazama mwanawe. Aliuliza tena, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya samaki:

“Nani alotwanga mchele wote huo?”

Juu ya meza, baina ya bakuli la mchuzi na birika, palikuwa na jalada la kijani. Ndani yake mlikuwa na barua moja tu, inangoja saini ya Waziri wa Fedha, yaani mume wangu. Barua ilisema kwamba meli ya mchele iliyotia nanga bandarini kwetu, Malindi, tangu Jumatano irudi na shehena yake, kwa sababu kisiwa kina mchele wa kutosha. Nahodha alitaka jibu kabla ya saa kumi. Ilikuwa saa nane kasorobo.

Shauri la kuirudisha meli lilitokana na hesabu ya Silima. Wakati wa Mapinduzi alikuwa karani wa forodha. Mwaka uliofuata alipelekwa Ujarumani ya Mashariki kusoma uchumi, akaniacha na mtoto mmoja mkononi na mwingine tumboni. Nikasomesha skuli, nikalea. Alirudi mwaka wa sitini na tisa, akatiwa katika ofisi ya mipango, na sasa, mwaka wa sabini na moja, alikuwa na miezi saba katika uwaziri. Alikuwa mtu wa karatasi. Alitengeneza fomu ikapelekwa kila kijiji kinacholima mpunga: jina la mkulima upande huu, pishi za mchele upande ule. Fomu zilirudi zimejaa, zina mihuri. Jumanne aliwasomea wakubwa wa serikali jumla yake: mchele wa miezi kumi. Walimpigia makofi.

“Fomu imeandikwa mchele,” alisema. “Watu wanajua kusoma.”

“Fomu ina mchele, ghala ina mpunga,” mama yake akajibu. “Wataandika nini? Mavuno hayatwangwi, mwanangu. Hutwangwa cha kupika leo na kesho. Ukiutwanga wote, fukusi watakula kabla yako. Ulikuwa ukiyajua haya, kabla hujaletwa mjini kwa ami yako. Au huko Ujarumani wali unaota umeshaiva?”

“Mama, hili si jambo la mzaha.”

“Wala mie sifanyi mzaha. Fomu yako hata mie nliijaza. Nimeandika pishi sitini.”

Silima akamgeukia. “Sitini za mchele?”

“Za mpunga. Mchele nnao ni huu hapa,” akasema, akaugonga ungo kwa kidole.

Nilikuwa nimeshapima. Silima alipokwenda kusali Ijumaa, mimi na mama yake tulijaza pishi moja ya mpunga, tukautwanga uani mpaka jirani akauliza kwa sauti harusi ni ya nani. Tukapepeta, tukapima. Sikumwambia matokeo. Nilimjua mume wangu: hesabu ya mtu mwingine haiamini.

“Mchele huo umetoka kwenye pishi moja ya mpunga. Pima mwenyewe,” nikamwambia, nikamwekea ungo na kibaba mbele yake.

Alikunja mikono ya kanzu. Pishi ni vibaba vinne, hilo halihitaji shahada. Alijaza cha kwanza, akakipangusa juu kwa kiganja, akamimina kwenye bakuli tupu. Akajaza cha pili. Cha tatu hakikufika hata robo. Akaurudisha mchele wote kwenye ungo akaanza upya, safari hii akichota polepole, kana kwamba mchele utaongezeka kwa adabu. Vibaba viwili na kitu kidogo.

Akakaa. Kanzu ilikuwa imetota jasho kifuani.

“Miezi mitano,” akasema.

“Naam,” nikasema. “Ikifika mwezi wa kwanza wa mwaka ujao ghala zimekwisha, na mpunga mpya ndio kwanza unapandwa.”

Simu ililia. Alikuwa Borafya, katibu wake, anauliza kama barua ishatiwa saini ili aipeleke bandarini. Silima akamwambia angoje. Alipoweka mkono wa simu alinigeukia, akasema kwa sauti ya chini.

“Nitasaini. Baada ya miezi miwili nitasema mvua imeharibu, nitaomba meli nyingine.”

“Mvua gani, na mpunga umeshavunwa?”

“Basi panya.”

“Panya wale nusu ya mavuno ya kisiwa? Na meli ukiiomba leo inafika lini? Hii iliyopo ilichukua miezi minne. Wewe ndiye uliyeniambia.”

“Kazija!” Alipiga meza, birika likaruka. “Nilisimama mbele yao Jumanne. Nikawaambia kwa kinywa changu. Unajua mtu akiwapotosha wale anaitwa nani? Unajua aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu yuko wapi?”

“Najua. Mkewe nampelekea unga kila wiki.”

Mimi sikuwa shujaa. Tangu nilipopima ule mchele nilikuwa nimeshawaza: nyumba ni ya serikali, tutaondolewa, watoto watakwenda Cheju kwa bibi yao, mshahara wangu wa ualimu utatosha kwa chumba kimoja Mlandege, kama na mimi sitafukuzwa. Lakini kila Jumatatu nilikuwa nikiwaona watoto darasani kwangu waliokuja bila kula, na huo ulikuwa mwaka wenye mchele.

“Ukifungwa nitakuletea chakula,” nikamwambia. “Ukisaini, sitakuwa na cha kukuletea.”

Bi Mwatum aliurudisha mchele kwenye ungo. “Na mie pishi zangu sitini,” akasema, “watakuja kunidai thalathini ambazo sina. Wataniita mficha chakula. Wataniita mie, na Cheju nzima. Umelifikiri hilo, Silima?”

Hilo hakuwa amelifikiri. Nililiona likimwingia. Aliutazama ungo, akaitazama miguu ya mama yake iliyopasuka visigino, akalivuta jalada.

Simu ikalia tena. Aliinyanyua mwenyewe.

“Borafya, sikiliza uandike. Meli isiondoke. Mchele ushushwe wote.” Akasikiliza. “Kwa amri yangu... Ndiyo, kinyume cha Jumanne. Hesabu ya Jumanne ilikuwa na kosa. Kosa langu, si la wakulima. Andika hivyo hivyo, usipambe. Malipo naidhinisha sasa hivi, nnaileta karatasi bandarini kwa mkono wangu. Kisha waambie wakubwa nnakwenda kuwaona leo, kabla ya alasiri.”

Akaweka simu. Aliigeuza ile barua, akaandika nyuma yake mistari miwili: Lipeni. Shusheni mzigo. Akatia saini na tarehe, kalamu ikitoboa karatasi.

“Mama, hiyo pishi naomba. Na mpunga. Wakubwa nao wapime.”

Bi Mwatum akaijaza pishi kutoka kwenye pakacha, akaipangusa, akaifunga juu kwa kitambaa. Nikamtilia mchele wa ungoni kwenye bakuli lenye kifuniko. Nilitaka kumwambia avae koti zito, maana sikujua atalala wapi. Nikamletea tu, naye akalichukua bila kuuliza.

Gari lilikuwa limeshafika mlangoni. Dereva alishuka kumfungulia, Silima hakungoja. Alijifungulia mwenyewe, akakaa na pishi mapajani, akasema, “Malindi. Upesi.”