Jino la Mwalimu Abalo

Jumatatu saa tatu asubuhi Mwalimu Abalo alikuwa kwenye benchi la kliniki ya meno, mtaani Kabalagala, juu ya duka la simu, leso mdomoni. Jino lake la mbele lilikuwa limevunjika katikati. Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea alikuwa amempa wiki moja, maana watoto walishaanza kutamka "f" kwa upepo kama yeye, na wazazi walilalamika. Jino likirudi, kazi ipo. Lisiporudi, kuna mwingine anaingoja.

Daktari Nabilah alimuuliza limevunjikaje. Abalo akasema aliteleza bombani. Ndivyo wasemavyo wanawake wote wa kambi ya polisi anakoishi, na daktari akaandika bila kuinua uso. Bomba hilo lilikuwa limeshaangusha wanawake saba tangu Krismasi, na hakuna aliyefikiria kulitengeneza.

Kisha akamweleza njia zilizopo. Lingeweza kuzibwa kwa dawa yenye rangi ya jino, ila kwa mvunjiko mkubwa hivyo haidumu. Lingeweza kuvikwa kofia ya kauri. Mzizi ukifa ungeng'olewa, akapewa jino bandia la kuvaa na kuvua, au daraja linaloshikiliwa na meno jirani, ambayo huchongwa ingawa hayana kosa lolote.

"Lakini bora ni kipande yako mwenyewe," alisema. "Kama iko, mama, nabandika leo leo. Iko wapi?"

Abalo alitazama sakafu. "Iko kwa mkono ya bwana yangu, musawo. Imeota."

Daktari akauliza tangu lini. Tangu Ijumaa, siku kumi zilizopita. Akasema basi amlete upesi, kwani mzizi mchanga hung'oka bila taabu.

Mumewe, Sajini Odur, alikuja Jumatano amevaa sare. Si mtu wa makelele. Aliwasalimia wagonjwa wote benchini, mmoja mmoja, nao waliposhikana naye mikono walilihisi jino na kunyamaza kwa adabu. Lilikuwa limesimama kati ya vifundo viwili vya ngumi ya kulia, jeupe, lenye afya. Eksirei ilionyesha mzizi umeshika mfupa. Daktari alipolipulizia hewa baridi, Odur hakutikisika. Abalo, kwenye kiti cha pembeni, aliruka akashika shavu.

"Bado ni yake," daktari alisema. "Nachoma sindano ya ganzi, dakika ishirini imetoka. Lakini, afande, kwa fomu nitaandika nimeitoa wapi."

Odur aliuliza kama haiwezekani kuandika bomba. Daktari akajibu kuwa bomba halina ngumi. Odur akafunga kifungo cha mkono wa shati.

"Acha ikae," alisema. "Mimi hainisumbui."

Hapo Abalo akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele ya watu. "Ni yangu. Nipe."

Daktari alifungua kabati, akatoa karatasi ya idhini, akawaonyesha wote wawili pahali pa sahihi: hutia sahihi mwenye mwili unaopasuliwa. Sheria ni msumeno, wanasema, hukata mbele na nyuma. Huu ulikata upande mmoja tu, na Odur hakutia sahihi.

Kwa hiyo daktari akafanya lililobaki. Abalo alichukuliwa vipimo, akatengenezewa jino la kuvaa na kuvua, lenye ufizi wa plastiki. Lile la ngumini alilisafisha, akaling'arisha, akatoa maagizo: lipigwe mswaki asubuhi na jioni, wala lisigongwe kwenye kitu chochote, maana mshipa wake ungali hai.

Jumatatu iliyofuata Abalo alirudi darasani, na "f" yake ilikuwa nzuri kiasi cha kutosha. Kila asubuhi kabla ya kutoka hushika beseni, Odur akanyoosha ngumi huku akisikiliza habari za redio, naye akalipiga mswaki jino lake polepole, mbele na nyuma. Analipenda jino lile. Mkono anauchukia kwa moyo wote, na hawezi kuliosha jino bila kuugusa mkono.

Odur naye ni mtu wa kufuata amri. Amelitunza jino kama alivyoagizwa, halijapata hata ufa. Siku hizi hupiga kwa mkono wa kushoto.