Gari Lisilo na Usukani

Baba yangu ameendesha magari ya watu maisha yake yote, na hajawahi kukubali kufundishwa kitu na binti yake. Nilipomwambia macho yake yanahitaji daktari, alinijibu kwamba macho yangu ndiyo mabovu, yanaona makosa tu. Mimi nami si mpole. Tukanuniana wiki nzima. Lakini kila asubuhi ndiye anayempeleka mwanangu shule kwa gari lake, na roho yangu ilikuwa haitulii.

Siku hiyo gari lilikuwa gereji, limekwaruzwa tena. Tukaenda kusubiri kwenye ukumbi wa michezo uliokuwa jirani. Kulikuwa na mashine ya mbio za vigari vya kuchezea: kwenye kioo kipana, vigari viwili vinateleza ndani ya vijifereji vyao. Usukani hakuna. Kuna kitufe tu. Ukibonyeza kigari kinakimbia, ukiachia kinapunguza mwendo. Ukizidisha kwenye kona, kinaruka nje.

"Gari lisilo na usukani? Haya matusi," baba akasema, akaketi.

Nilicheka nilipomwona akikanyaga sakafu kila kona, anatafuta breki. Halafu nikaacha kucheka. Upande wa kulia wa kioo alipita kona zote kama anakunywa maji. Upande wa kushoto kigari kiliruka kila mara, na kitufe amekibonyeza mpaka mwisho.

"Mashine mbovu hii. Kigari kinapotea."

"Kinapotea wapi, baba?"

"Kikifika huku." Akanyoosha mkono kushoto. "Kinazimika, halafu kinarudi. Kwani wewe hukioni kikizimika?"

Si nilikwambia! Maneno hayo yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini niliogopa, na hofu ikanifundisha adabu.

"Hakizimiki, baba. Mimi nakiona muda wote."

Akageuza shingo yote kushoto. Kigari kilikuwa pale, kimelala ubavu, magurudumu yakizunguka. Alikitazama mpaka mchezo ukaisha wenyewe.

"Mjukuu wangu hukaa kushoto," akasema.

Nikamshika mkono, naye akauacha ushikwe.

Gari lilipokuwa tayari, tulirudi nyumbani nikiendesha mimi. Njia nzima hakunikosoa hata mara moja, na hilo ndilo lililoniliza.