Bilauri Chini ya Kawa

Mtaani Shela, pale Malindi, kilichofunikwa kawa ni cha kuliwa au kunywewa, na mgeni hangoji kuambiwa mara mbili. Ndiyo maana Bi Hindu hakujiuliza kitu alasiri ile ya mwaka themanini na nne, alipopiga hodi kwa kina Jaha akaitwa apite ndani.

Jaha alikuwa uani akitia nywele dawa ya mawimbi. Sanduku lake alitumiwa na binamu yake wa Mombasa, lina dawa mbili: ya kwanza inanuka mayai viza; ya pili, ya kuituliza ile ya kwanza, ni kama maji matupu kwa macho na kwa pua. Hiyo ya pili aliikoroga katika bilauri, akaiweka mezani ndani, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akaifunika kawa nzi wasiingie.

Bi Hindu alikuwa na kiu. Aliifunua, akaonja, akadhani ni sharubati iliyotiwa chumvi kwa kukosea. Lakini mgeni hakitii kasoro kinywaji cha watu. Akaimaliza, akamshukuru Mola.

Magharibi haijaadhiniwa, alikuwa akitapika. Hospitalini walimwosha tumbo, na kwa siku kadhaa hakupata mkojo hata tone. Figo zilirudi polepole. Masikio hayakurudi. Daktari alimweleza mumewe, Muhidin, kwamba dawa ile hudhuru figo na masikio. Figo za mkewe zitahitaji kuangaliwa maisha yake yote, na masikio hayana tena cha kuangaliwa.

Kilichobaki humo ni mlio wa nyenje usiolala. Muhidin alizoea kumwita mkewe kwa sauti kubwa, na jirani wa nyumba ya tatu akazoea kuitika.

Hayo yote Bi Hindu angeyavumilia, lau si vugo. Yeye ndiye aliyeongoza vugo katika harusi za mtaa, wanawake wakigonga pembe kwa vijiti, yeye akitoa wimbo na wengine wakiitikia. Sasa harusi ya Jaha ilikuwa imekaribia, na alisoma midomoni mwa watu kwamba ataongoza Mwanasiti. Mwanasiti huyo, Bi Hindu alikuwa akisema tangu zamani, ana sauti ya mbuzi mwenye subira.

Jaha naye, tangu siku ile, alikuja kila asubuhi kumtekea maji. Radhi hakuwahi kuiomba. Kumwomba mtu radhi kwa kupiga makelele alikuona ni sawa na kugombana naye.

Siku wanawake walipokutana kwa kina Jaha kujaribu nyimbo, Bi Hindu alifika na pembe yake, akakaa mahali pake pa siku zote. Akaanza. Vijiti aliviona, kwa hiyo mapigo hayakumponyoka. Wimbo aliutoa kwa kumbukumbu. Akatazama nyuso: zilikuwa zimetulia kama nyuso za matangani.

Akanyamaza. "Nimepotea?"

Wakatikisa vichwa kukataa, mmoja baada ya mwingine. Hata Mwanasiti.

Jaha alikuwa mkekani, hina mbichi mikononi. "Umepotea, Bi Hindu," alisema taratibu, ili midomo ionekane. "Tangu ubeti wa kwanza."

Mamake akamfinya. Bi Hindu akamgeukia Mwanasiti.

"Haya, toa wimbo wewe. Mimi nitapiga pembe. Mikono haikunywa dawa." Akasogea kumpisha. "Wala usiuburute."

Wakaimba mpaka wakachoka. Mamake Jaha akaleta sinia la vinywaji, limefunikwa kawa, akalitua katikati, na ndipo alipoona alichokifanya. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Bi Hindu akafunua. Akachukua bilauri, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, kisha akaipeleka mdomoni mwa Jaha, aliyekuwa hawezi kushika kitu kwa hina.

"Onja wewe kwanza, mwanangu."

Jaha akanywa, machozi yakimtiririka. Bi Hindu akangoja, akimkodolea macho kama mtu aliyeinjika maziwa motoni. Alipoona hapatokei jambo, akanywa kilichobaki, akaweka bilauri chini.

"Sukari imezidi," alisema.